Mapigo ya Chumba cha Baridi

Watu arobaini na watatu walivua viatu mlangoni Jumapili ile, lakini hakuna aliyekuja kucheza. Walikaa chini kwenye sakafu ya simenti yenye mifereji ya maji ya samaki, wengine wakiegemea kuta nene za povu la kuzuia joto. Mbele yao mwanamke mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, bahasha mapajani. Jina lake Adelina Kahigi. Alikuwa ametoka Mwanza asubuhi, ametumwa na kampuni ya burudani iliyotaka kuununua mshipa, yaani ngoma iliyochezwa humo.

Nyangeta Bwire alisimama kando ya Jiko, mikono mifukoni. Jiko alilitengeneza yeye miaka sita iliyopita, kwa mabaki ya mashine za hospitali alikokuwa fundi wa vifaa. Lilikuwa kabati la chuma linalomfika kiunoni, na juu yake skrini moja. Kila mchezaji alivaa kikuku mguuni. Kikuku kilisikia mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye Jiko. Jiko liliyakusanya yote, likatafuta pale mioyo mingi inapokubaliana, likapiga ngoma hapo hapo. Watu wakichangamka, ngoma ilichangamka. Wakichoka, ilikaa chini nao. Hapakuwa na mpigaji. Muziki ulikuwa wao wenyewe, na Jumapili moja haikuwahi kufanana na nyingine.

Huo ndio mshipa. Ulizaliwa humu, kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha minofu kilichofungwa zamani, kwa sababu humu ndimo mahali pekee mjini Musoma ambapo masikio ya manispaa hayakufika. Nje, kila nguzo ya taa ilikuwa na sikio lake, mashine ya kunasa sauti. Ngoma ikizidi kipimo, mgambo walifika kabla wimbo haujaisha. Muziki wa halali ulichezwa kwenye kumbi zenye leseni tu, nao ulipangwa na mashine kufuatana na kile watu walichokwisha kukipenda mwaka jana.

"Tuanze," alisema Masatu Mafuru. "Mgeni ana safari."

Masatu alikuwa nahodha wa kivuko cha kwenda Kinesi, ng'ambo ya ghuba, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita abiria. Yeye na Nyangeta ndio walioanza mshipa, watu wawili na vikuku viwili. Kanuni za chumba alizitunga yeye, na ya kwanza ilikuwa hii: mapigo hayana jina. Vikuku viligawiwa ovyo kutoka kwenye ndoo, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza mstari upi kwenye skrini ni wa nani. Katika miaka ile hapakuwa na kazi isiyodai Hati ya Afya, na Hati ilitolewa na bima. Bima ikikukataa leo, kesho huna kazi. Mtu hakuanika moyo wake mbele za watu.

Nyangeta alikuwa ameivunja kanuni hiyo wiki tisa zilizopita.

Hakukusudia. Alikuwa akitazama skrini, mistari arobaini ikipanda na kushuka, akaona mmoja umelala. Haukupanda. Alihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha mstari ukaamka, ukaendelea kana kwamba hakuna kitu. Aliinua macho kwa hofu akawatazama wachezaji, na katikati yao akamwona Masatu ameshika nguzo, anapepesa macho, halafu anacheka na kurudi kucheza. Jumapili iliyofuata Nyangeta hakuhitaji kuinua macho. Moyo wa kila mtu una umbo lake kama sauti ilivyo na umbo, na ule wa Masatu ulikuwa na kilima kidogo cha pili, kilichoinamia kushoto. Aliuona mara saba baada ya hapo. Mara tano ulilala. Hakumwambia mtu.

*

"Nimechoka kucheza kama mwizi," alisema Masatu. "Semeni kweli, ninyi hamjachoka? Mwezi uliopita Wankuru kakamatwa na kikuku mfukoni. Kikuku tu! Leo hana kazi. Kampuni hii inatupa leseni. Tutapata ukumbi wenye milango miwili, maana humu ukitokea moto tutaungua wote. Na mshipa utafika Bariadi, utafika Kigoma. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba hautakuwa mshipa," alijibu Mwalimu Rhobi bila kusimama. Alifundisha hesabu sekondari, na alizoea kusikilizwa akiwa amekaa. "Watauza tiketi. Mwenye tiketi anakuja kutazama. Amesimama pembeni, anakunywa soda, moyo wake umetulia. Arobaini wanacheza, mia tatu wanatazama. Ngoma itamfuata nani?"

"Tutawafundisha kucheza."

"Nahodha, kampuni haitasubiri wafundishwe. Ngoma ikilala, wataigeuza mashine iwavute watu badala ya kuwafuata. Na hapo tumerudi kwenye kumbi za leseni."

Kelele zikazuka. Mmoja alisema wazee wa mshipa wanajiona wenye mali. Mwingine akasema waliokuja mwaka jana hawajui walichokikuta. Ouko, fundi seremala aliyetengeneza jukwaa la Jiko, aliinuka akapiga kelele kwamba yeye hakupigilia misumari ile ili watu wa Mwanza waje kupigia picha. Dada mmoja akamwambia akae, anawazibia.

Adelina aliacha wapunguze sauti wenyewe. Alikuwa mtulivu, na hilo lilimtisha Nyangeta kuliko maneno yake.

"Sitawadanganya," alisema. "Ukumbi tunao tayari. Tunachohitaji kwenu ni kumbukumbu. Hili Jiko limehifadhi mapigo ya miaka sita, na hakuna mashine nyingine nchini iliyojifunza kutoka kwa watu wanaocheza kwa furaha. Tunataka hayo, na yatakayokuja."

"Na mapigo yetu mtayapeleka wapi?" aliuliza Rhobi.

"Kwenye muziki. Na kwa washirika wetu wa utafiti. Lakini kanuni yenu tunaiheshimu, Mwalimu. Hayana majina. Hata tukitaka, hatuwezi kujua yupi ni yupi."

Rhobi aligeuka. "Nyangeta. Wewe ndiye uliyelitengeneza. Ni kweli?"

Vichwa vyote vikamfuata. Angeweza kusema ndiyo, kazi ikaisha. Kura ingepigwa kwa amani. Na mwezi haungeisha kabla mshirika fulani wa utafiti hajauona mstari unaolala.

"Si kweli," alisema. "Inawezekana kujua."

Masatu alicheka, akatikisa kichwa. "Nyange, acha. Miaka sita hujawahi kumtaja mtu."

"Sijawahi kutaja."

"Basi taja! Tuone." Alikuwa ameshasimama, anakunja mikono ya shati, na watu wakaanza kushangilia kama kwenye mechi. "Watu kumi na wawili waje na mimi chumba cha barafu, hicho cha pembeni. Tunafunga mlango, tunachanganya vikuku. Ukitutaja, naipinga hii biashara mimi mwenyewe. Ukishindwa, tunasaini."

Nyangeta alifungua mdomo akataka kumwambia asiende yeye. Hakupata namna ya kulisema hilo bila kulisema lote.

*

Mlango ulifungwa. Mistari kumi na tatu ikaota kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Waliobaki walisogea nyuma ya Nyangeta. Adelina alisimama karibu kabisa, bahasha kwapani.

"Wa kwanza ni Gati," alisema Nyangeta.

Mlango ukafunguka, Gati akatoka ameshika kikuku chenye namba moja, macho yamemtoka.

"Wa pili, Ouko. Wa tatu simfahamu jina, yule dada wa duka la dawa. Wa nne, Manyama."

Walitoka. Kila aliyetoka alimtazama Nyangeta kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa humu. Hawakuwa wanashangaa tena. Gati alikuwa amevuta kanga yake kifuani, akaishikilia hapo.

Alitaja wa tano, wa sita, wa saba na wa nane. Sauti yake ilikuwa inapungua.

Wa tisa ulikuwa na kilima kidogo kilichoinamia kushoto.

"Wa tisa," alisema, akasita. Watu walivuta pumzi. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda. Kisha ukalala. Nyangeta aliuma midomo. Moja. Mbili. Tatu. Nyuma yake Adelina aliacha kupumua. Nne. Mstari ukaamka.

"Wa tisa simjui," alisema Nyangeta.

"Tisa?" sauti ililipuka ndani ya chumba cha barafu. Mlango ukasukumwa kwa bega. "Tisa ni mimi!" Masatu alitoka amekiinua kikuku juu kama kombe. "Hakunijua! Mtu aliyenifahamu tangu shule ya msingi! Jamani, si mmeona? Kabahatisha, basi!"

Nusu ya chumba ilipiga makofi. Rhobi alijishika paji la uso. Masatu alikuja mpaka kwenye Jiko anacheka, jasho linamtoka, na hapo akamwona Adelina, ambaye hakuwa anacheka. Mwanamke yule alimtazama yeye, akatazama skrini, akamtazama Nyangeta.

"Dada," alisema Adelina polepole, "huyu unamjua."

"Naomba robo saa," Nyangeta aliwaambia watu wote. Alimshika Masatu mkono akamtoa nje.

*

Nyuma ya kiwanda palikuwa na gati bovu la kupakulia samaki, winchi yake imeoza. Jua la saa tisa lilichoma. Juu ya nguzo iliyo karibu sikio la manispaa lilizunguka likawaelekea, likasikia ni watu wawili wanaoongea, likaondoka.

"Umeshindwa vibaya," alisema Masatu, bado ana furaha. "Usikasirike. Nitahakikisha mkataba unakutambua."

"Nilikujua kabla hujamaliza kufunga kikuku mguuni." Nyangeta hakuweza kumtazama. "Kaka Masatu, moyo wako unasimama."

"Unasimama vipi na mimi nimesimama hapa?"

"Unasimama kidogo. Sekunde nne, mara moja zilifika tano. Halafu unaanza tena. Umesimama hata sasa hivi, ulipokuwa mle ndani."

Alicheka kidogo, kicheko kikakatika. Nyangeta aliona anavyokumbuka. Aliona macho yake yanarudi nyuma, yanakusanya vitu.

"Kizunguzungu," alisema Masatu. "Nilidhani ni jua. Siku ile nafunga kamba Kinesi nikajikuta nimepiga goti." Alikaa kwenye ukingo wa winchi. "Umejua lini?"

"Wiki tisa."

Masatu aliifuata kwa macho boti ndogo iliyokuwa inapita mbali.

"Kwa siku navuka mara nane," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wiki iliyopita nilipakia harusi nzima. Alhamisi nilimvusha mama yako. Alikaa mbele pale, karibu na usukani, akanigawia karanga. Unajua hilo? Ulikuwa unajua anapanda?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kanuni..."

"Kanuni niliitunga mimi, Nyangeta!" Alisimama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao Nyangeta alimwogopa. "Niliitunga asije mtu akautumia moyo wangu kunidhuru. Nilikwambia uufiche hata kwangu? Niliandika wapi hivyo?"

Nyangeta alilia, lakini hakuacha kusema, maana alijua akinyamaza hapo hatasema tena. "Haikuwa kanuni. Niliogopa wakijua kwamba nawasoma wataniondoa kwenye Jiko. Sina kitu kingine, Masatu. Kila Jumapili nilisema nitakwambia Jumatatu."

Masatu alimpa mgongo, akaangalia maji, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Robo saa aliyoiomba Nyangeta ilikuwa imeshapita.

"Twende ndani," alisema. "Nitasema mimi. Wewe nyamaza."

*

Masatu aliwaeleza kwa maneno machache habari ya moyo wake na ya zile wiki tisa, amesimama kando ya Jiko, kikuku namba tisa bado mkononi. Hakumtetea Nyangeta wala hakumshtaki. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Ouko alikuwa amekaa kitako, mdomo wazi. Alivuka Kinesi kila Jumanne kufuata mbao.

Rhobi ndiye aliyesimama kwanza, na safari hii alisimama kweli. "Bi Adelina, naomba jibu moja. Tungekuwa tumesaini mwaka jana, na mashine yenu ikauona mstari huu. Nani angeambiwa wa kwanza?"

Adelina alifungua bahasha, akaifunga. Alikuwa na majibu yaliyoandaliwa. Ilionekana anayatafuta, anayaacha.

"Mshirika wa bima," alisema. "Nahodha angepata barua."

"Baada ya siku ngapi?"

"Baada ya Hati yake kufutwa."

Minong'ono ikapanda. "Si mnaona!" mtu alipiga kelele. Rhobi alianza kugeuka kuelekea watu wake, ushindi umemjaa usoni, ndipo Ouko akainua mkono.

"Na mimi nina swali hilo hilo," alisema. Sauti yake haikuwa na kelele za mwanzo. "Kwa Nyangeta. Wewe ulipouona, ulimwambia nani wa kwanza?"

Nyangeta alitazama miguu yake mitupu. "Hakuna mtu."

"Basi hao wangemfukuza kazi, lakini abiria tungekuwa salama. Sisi tumetunza siri, na mimi nimepanda kile kivuko mara tisa. Mwalimu, nifundishe. Nani hapo alikuwa mbaya zaidi?"

Mwalimu Rhobi alirudi kukaa sakafuni.

Mjadala ulichukua saa nzima baada ya hapo, na haukufanana na ule wa kwanza. Hakuna aliyezungumzia tena tiketi wala watu wa Mwanza. Gati alisema anataka kujua, sasa hivi, kama na moyo wake umewahi kulala. Manyama akasema yeye hataki kujua kamwe, na hilo nalo ni haki yake. Dada wa duka la dawa alisema tatizo si mashine kuona, tatizo ni jicho la nani liko nyuma yake. Wakati huo Masatu alikuwa amesogea ukutani na simu. Walimsikia wote, kwa kuwa hakujaribu kuificha sauti.

"Afande wa bandari? Mafuru hapa. Kesho saa kumi na mbili sivushi. Tafuteni nahodha mwingine. Hapana, si homa. Nitakuja ofisini kueleza. Ndiyo, najua maana yake."

Alikata simu. Adelina aliinamisha kichwa. Siri aliyokuwa ameiona haikuwa siri tena, na hakuna aliyehitaji kumwomba aitunze.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Ishirini na wanne walikataa kuuza. Kumi na saba walikubali. Wawili hawakuinua mkono upande wowote, Masatu na Nyangeta. Kisha Rhobi alileta hoja ya pili, naye aliitoa kwa shida: Nyangeta asiguse tena Jiko. Hapo hapakuwa na haja ya kuhesabu. Nyangeta alitoa ufunguo shingoni, akauweka juu ya kabati la chuma, akaenda kutafuta viatu vyake.

Masatu alimkuta mlangoni. Alikuwa bado amekasirika. Alikuwa amekaza taya.

"Kesho naenda hospitali," alisema. "Utakuja. Daktari akinieleza mambo ya mistari mimi sitaelewa."

"Nitakuja."

"Usidhani nimesamehe."

"Sidhani."

*

Kampuni ilifungua ukumbi Mwanza kabla mwaka haujaisha. Walikuwa na Jiko lao, lililofunzwa kwa mapigo ya watu waliolipwa kucheza. Kumi na mmoja kati ya wale kumi na saba walihamia huko, na walisema ukumbi unachangamka, una taa nzuri, una milango miwili. Mwalimu Rhobi aliposikia habari ya milango alimwita Ouko, naye wiki iliyofuata akatoboa mlango wa pili katika ukuta wa povu.

Chumba kilipata kanuni mpya. Mtunza Jiko alikuwa wa zamu, miezi mitatu mitatu, na akiona jambo kwenye mstari alizima ngoma na kuita namba ya kikuku. Mwenye namba alikwenda mwenyewe, akaambiwa sikioni. Asiyetaka kuambiwa alivaa kikuku chekundu. Jumapili ya kwanza vikuku vyekundu vilikuwa tisa.

Masatu alipoteza unahodha. Daktari alimwekea kifaa chini ya ngozi ya kifua, betri ya moyo kama watu walivyoiita, na bandari ikampa kazi karakana, kwenye injini. Abiria waliendelea kumwita Nahodha. Kwa miezi minne Nyangeta hakupata kwake zaidi ya habari za asubuhi na za jioni. Kisha siku moja alimletea pampu iliyokufa akamwuliza kama anaweza kuitazama, wakakaa nayo mpaka ikapona, wakizungumza habari za pampu.

Alirudi chumba cha baridi Jumapili ya mwisho ya Agosti. Nyangeta alikuwa katikati ya wachezaji, kikuku mguuni kama mtu yeyote. Alikuwa bado anajifunza kucheza bila kutazama skrini. Aliona mlango unafunguka. Aliona Masatu anavua viatu, anainama kwenye ndoo, anatoa kikuku, anakishika kwa muda mrefu. Gati, aliyekuwa zamu, alimwendea akamwambia kitu, pengine kwamba anaweza kucheza bila kuvaa. Masatu alitikisa kichwa akakifunga.

Ilichukua nusu dakika. Halafu katikati ya ngoma lilisikika pigo jipya ambalo Jiko halikuweza kulichanganya na mengine, lililonyooka, lisilosita wala kuyumba, limekaa kati ya mioyo mingine kama mtu anayetembea wima ndani ya umati unaoyumba. Hakuna moyo wa kuzaliwa unaopiga hivyo. Wote waliokuwa mle ndani walilisikia, na wote walijua ni la nani.

Ngoma ililizunguka, ikalipata, ikapanda nalo. Watu walicheza. Hakuna aliyegeuka kumtazama.